Dirisha la Babu

Kwenye teksi ya kutoka Kalerwe, fundi mmoja Mkenya, mwenye sauti iliyozoea kushindana na nyundo, alikuwa akimweleza Hajati wa Kinubi aliyekaa naye jinsi wanavyokarabati jengo la zamani la manispaa. "Tunalirudisha vile lilikuwa, mama. Hata mlango wa pembeni tunauziba, libaki lile dirisha dogo la enzi za mkoloni."

"Babu yangu alikuwa askari wa hao wakoloni," Hajati alisema, "na alihudumiwa dirishani hapo, amesimama nje kwenye mvua. Uhuru ulipokuja likapanuliwa, likawa mlango. Leo wewe unaturudisha nje?"

"Mlango mkubwa uko wazi kwa wote, Hajati. Lakini tukilificha hilo dirisha, wajukuu wataamini babu yako alikaribishwa ndani."

Hajati alikisogeza kikapu chake magotini. Kisha akauliza, "Na juu ya hilo dirisha mnaweka nini?"

"Paa dogo la bati, wageni wakipiga picha wasinyeshewe."

"Wakati wa babu lilikuwepo?"

"Hapana."

Teksi ikasimama. Hajati akabeba kikapu chake. "Basi usiliweke. Na wao wanyeshewe."