Fundi Nyota na Dirisha la Maungamo

Tumsifu Yesu Kristo. Na ninyi mliokaa mabenchi ya kushoto, mliotoka msikitini kuja kumsindikiza mwenzenu, asalaam aleikum. Anayewasomea ni dada wa marehemu. Yeye ndiye aliyeniachia ziwa. Nimepewa kazi hii kwa sababu kaka zetu wakubwa ni wepesi wa kulia, na mimi, wanasema, nina roho ngumu. Tutaona.

Kaka yetu, ambaye wengi mlimjua kwa jina la Fundi Nyota, alizaliwa tarehe 9 Februari 1952 katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kanisa hili, mtoto wa tatu kati ya saba. Baba yetu alikuwa katekista na mama alikuwa akifua na kupiga pasi vitambaa vya altare. Alibatizwa akiwa na wiki mbili. Mama alisimulia kwamba maji yalipomgusa alilia kanisa zima likageuka, kisha akanyamaza ghafla akikodolea macho vioo vya rangi vya dirishani. Mama hakuwa mtu wa kutia chumvi, kwa hiyo sisi tuliamini.

Alisoma shule ya msingi ya parokia kuanzia mwaka 1960 hadi 1966. Masomo hayakumkataa, yeye ndiye aliyeyakataa. Mwaka 1968 aliingia karakana ya useremala kujifunza kazi, na siku moja akatumwa kupeleka mbao msikitini. Fundi wa pale, kijana wa rika lake, alikuwa akitengeneza wavu wa mbao wa dirisha. Kaka akasimama mlangoni.

"Viatu nivue?" akauliza.

"Vua, uje unishikie huu ubao."

Aliushika mpaka adhuhuri. Baba alipomuuliza nyumbani alikuwa wapi, hakuficha. "Msikitini, baba. Nilikuwa naangalia jua likiingia dirishani. Linafika chini limekatwa nyota, pembe nane kila moja." Baba akamwamuru asali Rozari nzima kabla ya kugusa chakula. Aliisali yote bila kuruka hata fumbo moja. Kesho yake akarudi msikitini.

Huko alijifunza kuunganisha vipande vidogo vya mbao vikashikana vyenyewe, kila kimoja kikimbana mwenzake, pasipo msumari wala gundi. Kazi hiyo aliifanya mpaka mikono ilipomkataa. Mabenchi mliyokalia ni yake. Mlango wa sakristia ni wake. Urafiki wake na yule fundi ulidumu miaka yote hiyo, na walibishana kila walipokutana, kuhusu patasi, kuhusu mbao, na kuhusu nani kati yao anakunywa chai yenye sukari nyingi zaidi.

Tarehe 18 Agosti 1979 alifunga ndoa katika kanisa hili na wifi yangu, fundi cherehani aliyekuwa amempelekea meza ya cherehani iliyovunjika mguu. Meza ilikaa karakana miezi mitatu. Wifi alisema baadaye kwamba kwa mguu mmoja, miezi mitatu, hata asiye na macho angeelewa. Mungu aliwajalia wana wawili na binti mmoja. Wifi alizoea kututania kwamba yeye hakuolewa na mtu, aliolewa na vumbi la mbao, na kila jioni alikuwa mlangoni na brashi akimpangusa mumewe kabla hajaingia.

Sasa nafika pagumu. Mwaka 2008 parokia ilimwomba atengeneze kiti kipya cha maungamo. Pale padre na muungamaji wanapotenganishwa aliweka wavu wa nyota za pembe nane, kazi ya mwaka mzima. Wavu ule mzito hupitisha sauti na huficha uso. Alidhani ametuletea kitu chema. Lakini watu wakanung'unika: tutaungamaje dhambi zetu kupitia dirisha la msikiti? Bibi mmoja wa kwaya alimwambia waziwazi kwamba nyota ya Bethlehemu ilikuwa na pembe tano. Kaka akamuuliza kwa upole, "Bibi, aliyezihesabu ni nani?" Hapo ndipo alipopachikwa jina la Fundi Nyota, na wakati ule halikuwa jina la heshima.

Halmashauri ya parokia iliamua wavu utolewe, uwekwe ubao wenye matundu. Aliutoa kwa mikono yake, akaufunga blanketi, akaupeleka stoo. Iliniuma, na bado inaniuma. Nilimwambia, "Kaka, si uhamie parokia nyingine?"

"Nihamie kwa Mungu yupi?" akanijibu. "Nimeona kitu kizuri kwa rafiki yangu, nimekileta kwa Yesu. Watu hawajakipokea, lakini Yeye amekiona. Basi."

Jumapili iliyofuata alikuwa benchi la pili kama kawaida, na Jumamosi zote aliungama kwenye ule ubao.

Mwaka 2021 mikono yake ilianza kutetemeka, na madaktari wakatuambia ugonjwa huo hauna kurudi nyuma. Alipoacha kutembea, alimwomba Baba Paroko jambo moja tu: kabla hajafa, aungame mara moja kupitia ule wavu. Jambo likarudi kwenye halmashauri. Mzee aliyekuwa mwenyekiti tangu zamani, ambaye sasa masikio yamechoka, alisimama akasema, "Urudisheni. Nilikosea. Na huo ubao wenu unanifanya niungame kama ninanadi mitumba. Foleni nzima inajua niliyomwambia mkwe wangu."

Stoo ilikuwa imeutia unyevu, na vipande kadhaa vilikuwa vimepasuka. Mikono ya kaka haikuweza tena. Akaja rafiki yake, fundi wa msikiti, mzee naye, na mfuko wake wa patasi. Akasimama mlango wa kanisa hili, akamuuliza wifi yangu, "Nivue kofia?"

"Kaa nayo, shemeji," wifi akamwambia. "Ingia."

Jumamosi, tarehe 3 Februari 2024, watoto walimbeba baba yao kwenye kiti mpaka hapo mnapopaona, kulia kwangu. Aliungama. Hatukusikia hata neno, na tusidanganyane, masikio tuliyatega. Alipomaliza akaupapasa wavu kwa kiganja kinachotetemeka, kisha akamtazama rafiki yake. "Hii ya chini umeikaza mno."

"Iko sawa. Macho yako ndiyo mabovu."

Wakacheka mpaka wote wawili wakalia. Alipokea Mpako wa Wagonjwa, na Jumanne, tarehe 20 Februari, alifariki nyumbani, mkono wake mkononi mwa mkewe.

Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu watano, ndugu wa kuzaliwa wanne, na ndugu mmoja wa patasi. Kulikuwa na ubishi nyumbani kama huyo wa mwisho aingie kwenye orodha ya ndugu. Mimi ndiye ninayesoma, kwa hiyo ameingia.

Na jeneza hili ni kazi ya huyo ndugu wa patasi. Juzi alinijia na rula mkononi, akaniuliza, "Dada, huu mti wa msalaba wenu, mkono wake unakaa juu kiasi gani? Sijawahi kutengeneza. Sitaki kumkosea." Nikampeleka akaupime ule wa altare. Msalaba mnaouona juu ya kifuniko umeunganishwa kwa vipande vidogo, na hauna msumari hata mmoja.

Mtakaolishusha, shusheni taratibu.

Kaka, pumzika kwa amani. Nimesoma mpaka mwisho, sikulia.