Spana, Kijana Aliyetumwa Kumuua Mbunge

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Leo namkumbuka mtu ambaye wengi wenu hamtaki akumbukwe. Simu zilianza kulia hapa studio hata kabla sijafungua mdomo. Nawaelewa. Aliua. Nalisema mapema ili tusije tukagombana njiani: kijana huyu aliua, na aliyeuawa alikuwa mtu mwema. Lakini hakuzaliwa muuaji. Kuna mtu alimtengeneza, na mtu huyo hajaulizwa chochote mpaka leo.

Mtaa mzima ulimwita Spana. Alikuwa fundi wa magari. Mama yake anafua shuka za hospitali. Baba yake alikuwa mtu wa boila, mwendesha mtambo wa mvuke, katika kiwanda cha mafuta ya kupikia. Dada yake, ambaye ni mshonaji, ananiambia kuwa mdogo wake alikuwa mcheshi kupita kiasi. Aliwaiga wateja wa gereji mpaka watu wakashika mbavu. Kiti cha magurudumu cha jirani yao kilipovunjika, Spana alikichomelea, akakifungia na kengele. Akamwambia jirani, "Sasa ukipita, wenyewe watapisha."

Huyo ndiye Spana. Kijana wa kuchomelea kiti cha jirani na kukitia kengele.

Kisha kiwanda kikauzwa. Mashine ziling'olewa na kupakiwa kwenye malori huku wafanyakazi wakitazama kutoka nje ya geti. Baba yake aliporudi nyumbani siku ile hakusimulia kitu. Hakuwa mtu wa maneno, na sasa hata yale machache yakamwisha. Asubuhi aliamka, akavaa ovaroli, akakaa kibarazani. Kesho yake vivyo hivyo. Presha ikampanda, akaanguka bafuni. Hakuamka tena.

Ni pale msibani ndipo alipoingia huyo mtu ninayemsema. Alikuwa kiongozi wa vijana wa chama. Vijana walimwita Kaka Mkubwa. Alikuja na turubai, akaja na viti, akashika jembe makaburini mbele ya watu. Halafu akamvuta Spana pembeni. Akamwambia kwamba baba yake hakufa kwa presha, ameuawa na mbunge. Mbunge ndiye aliyekiuza kiwanda, akala, akanyamaza.

Kijana amefiwa na baba, hajui amlaumu nani. Wewe unamletea mtu wa kumlaumu, tena siku ya mazishi. Jamani!

Tangu hapo mzaha ukamtoka. Fundi mkuu wa gereji anasema Spana alianza kuondoka mapema kwenda mikutanoni. Alipomuuliza, alijibiwa kuwa kuna kazi kubwa kuliko magari. Nyumbani hawakushtuka. Wangeshtuka vipi? Kaka Mkubwa alishakuwa mtu wa nyumbani. "Nilimpakulia chakula kwa mikono yangu," anasema dada. "Alikuwa anamwita mama, mama."

Naifikia siku yenyewe. Ilikuwa asubuhi, jua limeshatoka. Mbunge alikuja kufungua wodi ya wazazi kwenye zahanati ya mtaa. Hakuwa na walinzi, alikuwa na dereva wake tu. Aliteremka garini mbali kidogo, akawa anatembea na kusalimia watu. Akamwona kijana mwenye ovaroli ya grisi, akamnyooshea mkono. "Mwanangu, habari za kazi?"

Spana akampiga risasi ya kifua.

Dereva anasema muuaji hakukimbia. Alisimama pale pale, akitazama barabarani. Baadaye tulijua kwa nini. Kaka Mkubwa alimwahidi kwamba gari litakuja kumchukua. Gari halikuja. Nasema tena, wasikilizaji wapendwa: gari halikuja, wala halikupangwa kuja.

Mahakamani alisimama mwenyekiti wa zamani wa wafanyakazi wa kiwanda. Mzee huyu alieleza kwamba mbunge hakukiuza kiwanda kamwe. Alipinga bungeni, akabaki peke yake. Siku ya malori alikuja kusimama na wafanyakazi getini, akasukumwa, akaanguka kwenye tope. Waliouza ni wakubwa wa chama, na aliyewatafutia mnunuzi ni Kaka Mkubwa. Kisha mzee akamgeukia mshtakiwa. Akasema aliyemwinua mbunge kutoka kwenye tope lile, akampangusa koti, alikuwa mtu wa boila.

Spana alishika ubao wa kizimba. "Baba yangu?"

"Baba yako, mwanangu."

Dada anasema alimwona mdogo wake akikaa chini taratibu. Alipopewa nafasi ya kusema, alikiri yote. Akamtaja Kaka Mkubwa kuwa ndiye aliyempa bastola na kumfundisha kuishika. Wakili wa serikali akasema hayo ni maneno matupu ya mtu anayetafuta wa kuanguka naye. Kaka Mkubwa hakuitwa, hata kuja kukana tu.

Spana akafungwa maisha. Gerezani kikamshika kifua, akakohoa mpaka akakonda, dawa zikachelewa, akafa. Mama yake alipigiwa simu akiwa anaanika shuka.

Na Kaka Mkubwa? Leo ni naibu waziri. Tulipiga simu ofisini kwake. Tukajibiwa kwamba mheshimiwa hana kumbukumbu ya kijana huyo. Hana kumbukumbu!

Kwenye mazishi ya Spana watu walikuwa wa kuhesabika. Mtaa ulifunga milango. Lakini gari moja lilisimama, akateremka mjane wa mbunge. Watu waliinamisha macho. Mjane alikwenda moja kwa moja mpaka alipokaa mama, akaketi naye chini. Mama alitaka kupiga magoti aombe radhi. Mjane akamzuia.

"Waliomuua mume wangu ni wengi," alimwambia. "Huyu wako ndiye waliyemwacha nyuma akamatwe."

Wakakaa hivyo, wameshikana mikono, mpaka kaburi likaisha kufukiwa.

Wasikilizaji wapendwa, natoa pole kwa mama wa Spana na dada yake. Natoa pole kwa mjane na watoto wa mbunge, na pole hiyo haipungui kwa sababu nimeanza na wale. Nyumba zote mbili zimefiwa, na aliyezitia msiba anapigiwa saluti.

Nanyi vijana mnaonisikiliza, nawaomba mlifikirie jambo moja tu leo. Siku mtu atakapokukabidhi silaha, akakwambia ni kwa ajili ya nchi, au ni kwa ajili ya baba yako, mwangalie usoni. Muulize kwa nini hataki kuishika yeye.