Shangazi Vidole Aaga Ukumbi

Baada ya miaka thelathini na moja katika kituo chetu cha tafakuri, mwangalizi wetu wa ukumbi anastaafu rasmi Ijumaa hii, tarehe 30. Wageni humwita Bibi Mwangalizi. Sisi wafanyakazi tunamwita Shangazi Vidole, na jina hilo amelipata kwa jasho lake. Mimi mpishi nimepewa kazi ya kuandika wasifu huu kwa sababu, eti, hakuna aliyenaswa naye mara nyingi kunishinda.

Alianza kwa kufua foronya za mito ya kukalia. Mtawa mkuu, ambaye ndiye mwalimu wetu wa Kibudha, aligundua kwamba mama huyu akipita ukumbini hata nyayo zake hazisikiki, akamkabidhi ukumbi wote. Kazi yake ikawa kuwapokea wageni, kuwaonyesha pa kukaa, na zaidi ya yote kuwafundisha kuweka mikono: wa kushoto mapajani, wa kulia juu yake, viganja vikitazama juu, ncha za vidole gumba zikigusana kidogo tu, kama mtu aliyepakata yai bichi.

Wakishakaa, yeye huzunguka akisoma. Vidole gumba vikianguka, mtu amelala. Vikisukumana hadi vikasimama kama paa la banda, mtu anagombana na mawazo yake. Husema kwamba uso unaweza kudanganya, ila vidole havijui uongo. Mimi ninayeamka kabla ya wote kuwasha jiko nina uso wa mcha Mungu ninapolala, lakini haukunisaidia kitu; kila mara niliguswa begani. Siku hizi hata kwenye vikao vya wafanyakazi watu huficha mikono chini ya meza, na mhasibu huikalia kabisa. Nyumbani nako mumewe, fundi cherehani, hawezi tena kudai kwamba alikuwa akisikiliza taarifa ya habari huku amefumba macho.

Ndiye pia aliyemwokoa mleta gesi. Mlangoni petu kuna sanamu ya Budha iliyoinua kiganja cha kulia. Bwana yule, mtu mzima na ndevu zake, alipokiona kiganja kile alishusha mtungi, akasimama akingoja ruhusa, na mimi jikoni maharage yamenigomea. Shangazi akatoka, akamweleza kwamba mkono ule haumkatazi mtu kuingia. Unasema: usiogope. Tangu hapo mleta gesi kila akija huinua kiganja chake kuijibu sanamu.

Mwaka juzi mkono wa kulia wa Shangazi ulianza kutetemeka. Hakumwambia mtu. Naandika haya kwa ruhusa yake: aliogopa kwamba mwalimu wa kutuliza mikono akionekana na mkono usiotulia ataambiwa akapumzike, na ukumbi ule ndio uliokuwa maisha yake. Basi akabuni ujanja. Alipokaa mbele kuwaonyesha wageni, aligeuza mikono, wa kulia chini na wa kushoto juu, ili wa kushoto umkandamize mwenzake.

Alisahau jambo moja tu, kwamba wageni huiga kila kitu. Wakati huo walikuwa kwenye mafungo ya ukimya, hakuna kusemezana. Asubuhi ya pili mtawa mkuu aliketi mahali pake, akatazama safu ya kwanza, akatazama ya pili, na ukumbi mzima umekaa kinyume! Sisi wa nyuma tulibaki kukodoleana macho. Ndipo macho yake yalipofika kwa Shangazi na kuuona mkono wa chini unavyohangaika. Siri ikawa imekwisha, na yeye akainamisha uso.

Mtawa hakuvunja ukimya. Aliinua kiganja cha kulia, vilevile kama ile sanamu ya mlangoni, akakiacha juu mpaka Shangazi akainua uso na kukiona. Kisha akarudisha mikono mapajani mwake, akaweka wa kushoto juu. Nililia, na siwezi kusingizia vitunguu kwa sababu jikoni kulikuwa mbali.

Baada ya mafungo alitueleza kwamba ziko nyumba za watawa ambako tangu zamani wa kushoto ndio hukaa juu, na kwamba mkono wa chini si mnyonge, ndio unaobeba. Shangazi akaendelea na kazi, tena kwa ari mpya. Seremala mmoja, mgeni wetu wa siku nyingi, aliyepoteza kidole gumba kwenye msumeno, alikuwa akificha mikono ndani ya shali miaka yote. Alipouona mkono wa Shangazi ukitetemeka hadharani, aliikunja shali akaiweka pembeni, na tangu siku hiyo hajaivaa tena ukumbini.

Sasa anaondoka kwa uamuzi wake mwenyewe, ingawa juzi, tukichambua mchele, aliniambia kwamba anaziogopa asubuhi za nyumbani zisizo na ukumbi wa kuzunguka. Fundi cherehani ameshashona mito miwili ya kukalia, nasi tunamwonea huruma mapema.

Asante, Shangazi. Tunakutakia afya, raha, na mume asiyesinzia. Ijumaa ukifika getini, geuka ututazame. Tutakuwa tumesimama wote, mtawa, mhasibu, seremala na mleta gesi, kila mmoja ameinua kiganja. Hatutakuwa tunakupungia. Wewe mwenyewe ndiye uliyetufundisha mkono ule unasema nini.