Asante, Mchango Wako Umepokelewa

Wasomaji watukufu, nawaletea taarifa ya uchumi wa dunia, niliyoikusanya kwa utafiti mzito: nilijificha kiti cha nyuma cha basi, kofia usoni, masikio wazi.

Mbele yangu dada mmoja alikumbatia kompyuta ya ofisi kama mfiwa. Jumuiya yao ilitengeneza programu ya kupanga ratiba za shule, ikaigawa bure, ikaishi kwa michango. Asubuhi ile walikuwa wamefunga milango.

"Mmeyataka wenyewe," alisema jirani yake, ambaye, ole wangu, ni mwalimu wetu wa nidhamu. "Nani hugawa jasho lake bure?"

"Baba, wapishi watatu, walaji shule mia. Tuliomba chumvi tu."

"Sisi tulichanga! Kila nikifungua ratiba naandikiwa: Asante, mchango wako umepokelewa."

Dada alimtazama. "Programu yetu huomba, baba. Haijawahi kushukuru. Labda kuna aliyeibadilisha. Tuliruhusu kila mtu kuibadilisha."

Basi likasimama. Mwalimu, aliyejua kuwa mimi ndiye hutunza kompyuta za shule, akageuka polepole, akanivua kofia.

"Ni mimi, mwalimu," nikasema. "Kwa mzaha niligeuza ombi la mchango kuwa shukrani, nikausambaza mzaha huo shule zote jirani. Nilidhani wana watu wengine wa kuwachangia."