Sista Nyokabi na Mursik ya Koplo

Tarehe 28 Novemba 2025, Sista Nyokabi Gichuru atakabidhi funguo za wodi ya majeraha ya kichwa na kustaafu, baada ya miaka ishirini na tisa ya utumishi. Wasimamizi wamesikitika sana. Baadhi yao wamesikitika huku wakitabasamu.

Alikuja kwetu kutoka Munyaka akiwa muuguzi mpya mwenye sauti ndogo. Sauti hiyo iliisha wiki ya kwanza. Amelea wauguzi wengi, ameanzisha mazoezi ya kumbukumbu kwa kutumia karata, na miaka yote hiyo hakuomba likizo ya ugonjwa hata mara moja. Ofisi ilimpa cheti kwa hilo. Sisi tulimwonea wasiwasi.

Wodi yetu hupokea watu wa aina mbili. Kuna askari, ambao bomu liliwatikisa ubongo huko mpakani bila kuacha hata mkwaruzo. Kuna raia, wengi wao wa boda boda, walioangukia lami bila helmeti. Wote huumwa na kichwa, husahau, hukasirika upesi na hawavumilii kelele. Tofauti ni kwamba askari huitwa shujaa na husema yuko sawa, asije akanyang'anywa bunduki. Raia husema anaumwa na huitwa mlevi. Hii ni elimu ambayo hatukuipata chuoni.

Miaka michache iliyopita tulikuwa na Koplo Kiplimo na mwendesha boda aitwaye Amos, vitanda vimepakana, vichwa vyote viwili vimenyolewa. Wote waliruhusiwa kwenda nyumbani Ijumaa moja, ila Amos hakuwa na pa kwenda. Baba yake, Mzee Zachariah, mkulima wa upande wa Chepkoilel, alikuwa ameapa kwamba mlevi hatakanyaga boma lake, ingawa Amos hakuwahi kuonja pombe. Nyumba ya Amos alikuwa ameshapewa mdogo wake. Ijumaa hiyo Mzee alifika kutuarifu rasmi.

Wakati huo huo akina mama wa kanisa la kina Kiplimo wakaingia langoni wakiimba, na kibuyu cha mursik, maziwa lala ya kumpokea anayerudi kwa heshima. Koplo aliposikia nyimbo alijifungia stoo ya mashuka. Sista alifikiri kidogo, kisha akamsukuma Amos nje kwa kiti cha magurudumu. Wengi wa wale mama walimwona Kiplimo mara ya mwisho akiwa mwanafunzi. Walimvisha Amos shada la majani, wakamnywesha mursik, na mchungaji wao akamshukuru kwa yote aliyoyavumilia. Amos alilia. Mzee Zachariah, kuona mwanawe anapokewa na kanisa asilolijua, alivua kofia.

Aliyegundua kwamba huyo si Kiplimo ni mama yake Kiplimo, aliyekuwa nyuma amebeba chakula. Sista alijitetea kwamba wimbo ulikuwa wa Kikalenjin, naye hakuuelewa. Sista huyu huyu amenunua viazi sokoni Soy kwa Kikalenjin tangu ujana wake na hajawahi kupunjwa.

Akina mama walishauriana, wakaamua kwamba mursik iliyokwisha kunywewa hairudi kibuyuni, na aliyepokewa amepokewa. Mzee alitaka tu kujua kama mwanawe ni mgonjwa kweli.

"Mzee, ugonjwa wa Kiplimo na wa Amos ni mmoja," Sista akamwambia. "Ni vile tu wa Kiplimo umevaa sare."

Mzee akauliza dawa za Amos zinamezwa saa ngapi. Wakaondoka pamoja.

Kiplimo alikuwa amefungua mlango wa stoo kidogo ili asikie. Alitoka na kumwambia mama yake, kwa mara ya kwanza tangu arudi kutoka mpakani, kwamba kichwa kinamuuma sana na anaogopa. Tulimrudisha kitandani. Hatujawahi kufurahi hivyo kwa mgonjwa kurudi wodini.

Ofisi ilimpa Sista onyo kali. Mwaka uliofuata, ofisi hiyo hiyo ilizindua programu ya kuwaaga wagonjwa wote kwa heshima, ikapiga na picha. Sista hamo pichani, alikuwa kazini.

Asante, Sista Nyokabi. Tunakupenda, na wodi itakuwa baridi bila wewe. Maisha ya nyumbani yakutendee wema. Na siku ukiumwa, tafadhali usijifanye askari. Tuambie.