Kidole cha Biira

Benchi la Vasta, muuza kahawa, liko Bwera, pale barabara ya kwenda mpakani Mpondwe inapojikunja, na limekaliwa na watu walewale mpaka mbao zimeshika umbo lao. Kambale, Mkongo mchukuzi wa mizigo, huitwa Sinema, kwa kuwa hakosi kibanda cha filamu na huamini kila neno la mfasiri anayezungumza juu ya picha. Oryem, askari mstaafu kutoka kaskazini, ni Afande tu, hata kwa mbuzi. Asubuhi hiyo katikati yao alikaa Yosamu, mnunuzi wa kakao, ambaye kwa wiki tatu alikuwa akiingia kwake kwa mlango wa jikoni. Mlango wa mbele ulikuwa umebandikwa karatasi ya benki: mkopo haujalipwa, nyumba itauzwa.

Kambale ndiye aliyemfundisha kuikwepa karatasi ile kama upupu.

— Mu filme niliona muzuri. Papier ikikosa kugusa mukono yako, affaire, ile kesi, haiko. Usiiguse, usiisome, hata jina yako usiangalie.

— Na mvua ikiiangusha? aliuliza Yosamu.

— Basi bank ndiyo ilishindwa.

Vasta alimimina kahawa bila kuinua macho. Siku nyingine angekuwa wa kwanza kumcheka Sinema.

Afande alizidharau filamu zote. Huko watu hurushiana ngumi na muziki unapigwa, alisema, lakini yeye alishawahi kumsindikiza dalali wa mahakama.

— Hakuna kupigana. Yeye nasalimia, naomba maji ya kunywa, halafu natoa godoro.

Kila mtu kwenye benchi akaliona godoro la kwake njiani. Afande akaona amewatia baridi, akajirekebisha.

— Lakini dawa iko. Dalali lazima apande kutoa mabati. Wazee nasema mpanda ngazi hushuka. Sasa yeye kipanda, wewe ondoa ngazi. Amri.

— Na akibaki juu? aliuliza Yosamu.

— Abaki. Nani tanunua nyumba na mtu iko juu yake?

Kambale alipinga. Dalali ni mgeni, na mgeni njoo, mwenyeji apone; apikiwe bundu, ugali wa muhogo, na samaki, kwani mtu akishakula kwako hawezi tena kukutoa. Yosamu aliuliza samaki wa aina gani, na aliuliza kwa dhati.

Vasta aliwageuzia mgongo, akapangusa vikombe. Mwaka uliopita Yosamu alimpandisha teksi hadi Kasese, akamwambia mkewe, Biira, anaumwa, na kuna fomu ya mkopo wa benki inayotaka idhini ya mke. Ni kuweka kidole tu, jirani amsaidie jirani. Vasta akaweka. Alirudi na kitenge kipya alichonunuliwa, akakivaa kanisani, akaketi nyuma ya Biira mwenyewe, mzima kabisa, akiongoza nyimbo. Hapo ndipo alipojua amedanganywa, na aibu ikamfunga mdomo.

Biira hakuwa mtu wa kijiweni. Kwa hiyo aliposhuka kwenye bodaboda, ameshika bahasha, wote walijisogeza kama watoto wa shule ya Jumapili, ambako yeye ndiye mwalimu.

— Habari zenu. Baba Jonan, ile barua ya mlango mimi nilisoma siku ya kwanza. Leo natoka Kasese. Wakili anasema kama bibi hakukubali, nyumba haiwezi kuuzwa.

Yosamu, baba wa Jonan, aliinamia kikombe chake.

— Lakini kwa hii fomu ya benki, hapa kwa jina yangu kuna kidole. Mimi najua kuandika. Hii kidole ni ya nani?

Hakuna mfasiri wa Kambale aliyewahi kulifikia swali hilo. Yosamu alitazama birika, yaani mkono ulioshika birika. Vasta alijua neno lake moja lingeiokoa nyumba, na neno hilohilo lingempeleka yeye polisi. Lakini hakuwaogopa polisi kama alivyomwogopa Biira.

— Nipatie kahawa, Vasta, alisema Biira, akinyoosha mkono.

Vasta alirudisha birika juu ya jiko, akaficha kidole gumba ndani ya kitenge kilekile cha Kasese.

— Kahawa imeisha, mama.

Birika lilikuwa likitokota, kifuniko kinaruka. Biira alilitazama, akamtazama Vasta, akamsogeza Afande, akakaa.

— Nitangoja, alisema.