Persis Bochaberi wa Duka la Vitambaa, 1938–1977

Wazee wetu, akina mama, waumini wenzangu, poleni kwa msiba na asanteni kwa kufika hapa Kiogoro. Mimi ni Onchiri, ndugu yake wa pekee. Nimepewa kazi ya kusoma maisha ya dada yangu, na nitajikaza.

Marehemu Persis Bochaberi alizaliwa Gesima tarehe 12 Machi 1938, kifungua mimba wa Mzee Zachariah Ombui na Mama Nyanchera. Alisoma shule ya misheni ya Wasabato hadi darasa la sita, mwaka 1953. Hapo akaachishwa ili nami nianze darasa la kwanza. Hakunitajia jambo hilo hata siku moja.

Mwaka 1957 alifunga ndoa kanisani na Walter Nyangau, seremala wa hapa Kiogoro, wakajaliwa watoto wanne.

Januari 1962 aliajiriwa katika duka la vitambaa la Mzee Mogaka, mjini Kisii, akakaa pale miaka kumi na mitano. Siku zile wauzaji wa mjini walikuwa na midomo, jamani! Mtu ametoka Masimba kwa miguu, anafokewa kabla hata hajasalimiwa. Mzee mmoja alikuja kununua nguo ya kumzikia mkewe, mikono imejaa matope. Muuzaji mwenzake Persis akapiga kelele, "Wewe mzee, usishike hapo!" Persis akaleta beseni la maji, akamnawisha, akamwuliza kwa Ekegusii nyumbani wameamkaje. Yule mzee akalia pale pale dukani. Kisha Persis akamgeukia mwenzake bila hasira: "Sasa mpimie wewe. Pole pole." Baada ya hapo wateja walikuwa wakiingia na kuuliza, "Yule mama yupo?" Wakiambiwa hayupo, wanarudi zao. Mzee Mogaka alinung'unika kwamba duka ni lake lakini wateja ni wa Persis.

Sasa ugonjwa. Kwenye karatasi mliyogawiwa imeandikwa, "Aliugua kwa muda mfupi." Maneno hayo niliyaandika mimi, kabla shemeji Walter hajanieleza mengine. Siwezi kuyasoma yakaishia hapo.

Wengi mnajua mimi ni karani wa kadi katika zahanati moja mjini. Ijumaa tarehe 8 Julai, saa tisa mchana, nilikuwa na haraka ya kufunga dirisha niwahi nyumbani kabla Sabato haijaingia. Nilikuwa nimeinamia daftari. Mama mmoja aliyejifunga shuka hadi kichwani akafika dirishani akikohoa, sauti imemkauka. Akasema, "Habari ya mchana." Nikamjibu bila kuinua kichwa: "Tumefunga. Njoo Jumatatu." Akaondoka.

Alikuwa yeye.

Shemeji alimwuliza mbona hakujitaja. Akasema, "Nyuma yangu kulikuwa na wagonjwa wengine. Angenifungulia mimi, wale wangesemaje? Halafu alionekana amechoka, mdogo wangu. Usimwambie."

Sabato nzima hakuinuka kitandani, kifua kimembana na homa inapanda. Shemeji alihangaika kutafuta gari la kumpeleka hospitali, likapatikana kwa kuchelewa. Jumapili tarehe 10 Julai 1977, saa nne asubuhi, dada yetu alikata roho mikononi mwa mumewe, akiwa na miaka thelathini na tisa.

Ameacha mume, Walter Nyangau, watoto wanne, Drusilla, Omwenga, Bathsheba na Onsongo, mama yetu Nyanchera, ambaye ndiyo kwanza anayasikia haya, na ninamwomba asininyime mkono wake leo, pamoja nami ndugu yake. Jumatatu narudi kwenye lile dirisha, na sijui nitamtazamaje mtu wa kwanza.

Dada, sikukuona. Nisamehe. Mungu akupokee, ulale kwa amani.